Kamera nilichagua mimi, waya akachagua fundi

“Mama, hapa pameandikwa saa moja na dakika kumi na nne asubuhi. Mbona giza?”

Askari hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa ameishika simu yangu, anaisogeza karibu, anaisogeza mbali, kama mtu aliyeazima miwani ya mwenzake. Juu ya picha, kwenye kona, namba zilisomeka 07:14. Ndani ya picha ulikuwa usiku wa manane: mtu mmoja, kofia kichwani, anaburuta roli la waya kwenye sakafu ya duka langu kuelekea mlango wa nyuma. Uso wake huuoni. Unauona utosi wa kofia na mabega, kana kwamba mpiga picha alikuwa amepanda mnazi. Akifika mlangoni anatoka kwenye kamera ya kwanza ili aingie kwenye ya pili, na ya pili ni nyeusi tii.

Nikamweleza kwamba ilikuwa saa nane usiku, siyo saa moja asubuhi. Akaniuliza nimejuaje. Nikasema jirani alisikia mbwa. Akaandika kitu kwenye karatasi, akanirudishia simu.

Zile saa zilizozidi nilikuja kuzielewa siku tatu baadaye. Mashine ilikuwa bado inakwenda na saa za China ilikotengenezwa, na Beijing iko mbele ya Dar es Salaam, ambayo saa zake ni GMT+3, kwa saa 5 kamili. Fundi hakubadilisha. Mimi nilikuwa naangalia picha kwenye simu kila siku kwa miezi saba, na macho yangu hayakuwahi kupanda mpaka kwenye kona ile. Na jambo lenyewe si dogo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaupokea ushahidi wa kielektroniki mahakamani, lakini inatazama pia namna taarifa ilivyotengenezwa na kutunzwa. Video inayosema asubuhi huku inaonyesha usiku, wakili yeyote ataichezea.

Duka lenyewe ni la vifaa vya ujenzi, Tandika: misumari, nondo, rangi, mabomba, na rafu nzima ya waya za umeme. Walichobeba usiku ule ni maroli sita ya waya wa kopa, yaani shaba, na pampu moja ya maji. Waya wa alumini hawakuugusa. Mimi ninayemwambia kila mteja achague kopa nilifungiwa kamera zangu kwa waya ambao hata wezi wasingeuhangaikia. Mganga hajigangi.

Nilianzaje? Kwanza nilinunua zile kamera za balbu, unaziingiza kwenye holda ya taa na kuziunga na Wi-Fi. Nyumbani zilinifaa kumwangalia mtoto. Dukani zikanishinda, kwa sababu stoo yangu ni mabati pande zote nne na juu, na bati halipitishi mawimbi ya redio. Ruta iko kaunta, kamera iko stoo, hatua ishirini hazifiki, na picha inaganda mtu akiwa ameinua mguu mmoja. Halafu kila aliyezima taa alizima na kamera. Nikaenda Kariakoo kutafuta za waya.

Muuzaji nilimuuliza swali moja. “Ni HD?” Akasema, “HD kabisa, dada.” Nikatoka na boksi: kamera nne, mashine ya kurekodi iitwayo DVR, diski, na waya zilizokwisha kufungwa vichwa. Fundi nilipewa palepale dukani. Siku moja tu alikuwa amemaliza, na jioni ile nilikaa na kikombe cha chai nikiangalia vile vipande vinne kwenye skrini, nikajiona nimemaliza kazi.

Kijana niliyempata baada ya wizi, amesomea umeme VETA, hakuanza na kamera. Aliomba ngazi, kipimo cha volti na wembe.

Alipanda mpaka kwenye kamera ya pili, ile ya mlango wa nyuma iliyokuwa nyeusi, akauvua waya wa umeme ganda lake, akaukwangua taratibu kwa wembe. Juu rangi ya shaba. Chini yake, fedha inang'aa. “Mama, huu ni alumini iliyopakwa kopa.” Nikanyamaza. Ningesema nini?

Kisha akanionyesha jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nacheka peke yangu. Kamera ile ilikuwa mbali kuliko zote, kama mita 45 kutoka kwenye adapta. Ilikuwa mchana. Adapta inatoa volti 12, kwenye kamera zinafika 11, picha safi. Akavua kofia yake akaifunika kamera, idhani usiku umeingia. Zile taa zake za infraredi za kuonea gizani zikawaka, kamera ikaanza kula umeme mara mbili na zaidi, na namba kwenye kipimo zikaanza kushuka: 10.4, 9.8, 9.5. Picha ikakatika. Taa nazo zikazimika, mzigo ukapungua, volti zikapanda, kamera ikaamka, ikaona giza, ikawasha taa, ikakatika tena. Ndivyo ilivyokuwa usiku kucha, miezi saba, na mimi nimelala zangu Kigamboni. Asubuhi nikifungua simu jua limeshatoka na kamera ni nzima kabisa.

Hesabu yake tuliifanya sote kidato cha pili: volti zinazopotea njiani ni ampea mara ukinzani wa waya. Waya ukiwa mrefu, ukinzani unaongezeka. Ukiwa mwembamba, unaongezeka. Ukiwa wa alumini, unaongezeka tena kwa zaidi ya nusu kulinganisha na shaba ya unene uleule. Mimi nilikuwa navyo vyote vitatu kwenye kamera moja, na ndiyo iliyokuwa ikilinda mlango ambao mwizi yeyote mwenye akili angeutumia.

Kwa hiyo siku hizi mtu akiniuliza anunue kamera gani, namuuliza kwanza kila kamera itakaa mita ngapi kutoka kwenye mashine. Watu huona ninakwepa swali.

Kuna koo mbili za kamera za waya, na kabla ya kuchagua chapa inabidi uchague ukoo. Wa kwanza ni wa DVR. Picha inapita kwenye waya wa koaksia, ndugu wa ule wa antena ya televisheni, na umeme wa volti 12 unapita kwenye waya wake wa pembeni. Ni wa bei nafuu, mafundi wengi wanaujua, na koaksia nzuri inafikisha picha ya HD zaidi ya mita 200 bila kulalamika. Udhaifu wake ni umeme, kama ulivyoona kwangu. Wa pili ni wa NVR, mashine ya kurekodi inayopokea picha kwa waya wa mtandao. Kamera ni za IP, kila moja ni kompyuta ndogo, na waya ni ule wa mtandao, Cat5e au Cat6. Hapa kuna kitu kinaitwa PoE: umeme na picha vinapita kwenye waya mmoja. Kiwango chake cha kwanza kilitoka 2003, kinaitwa 802.3af, na swichi ya mtandao (kile kiboksi cha matundu kinachounganisha waya) inayokifuata inaweza kutoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu. Kamera ya kawaida haitumii hata nusu yake.

Raha ya PoE ni kwamba umeme unasafiri kwa volti karibu 48. Kamera ya wati 6 kwenye volti 12 inavuta nusu ampea. Kwenye volti 48 inavuta robo ya hiyo. Ampea ikiwa ndogo, kinachopotea njiani nacho kinakuwa kidogo. Mwisho wake ni mita 100 za waya kutoka kwenye swichi mpaka kwenye kamera, na hizo mita 100 uzihesabu kwa kufuata kuta na dari. Ndege huruka moja kwa moja, waya hauwezi. Kuna mafundi hupima kwa hatua za uwanjani halafu wanashangaa.

Dukani niling'oa kila kitu nikafunga PoE. Nyumbani Kigamboni sikung'oa. Nyumba niliinunua ikiwa na koaksia ya kopa halisi ndani ya kuta, imepita kwenye paipu, imekaa vizuri. Fundi mmoja alitaka tuivunje yote tuweke ya kisasa, akanipigia na hesabu. Yule kijana wa VETA akaipima, akasema waya huu ni bora kuliko utakaouziwa leo, badilisha kamera na mashine tu. Ndivyo tulivyofanya. Kilichokuwa kimeoza ni vichwa: vile vichwa vya chuma vya BNC nje ya nyumba vilikuwa vimeshika kutu ya kijani, upepo wa chumvi hauna huruma. Tukavikata, tukaweka vipya, na kila kiungo kikaingia kwenye kiboksi cha plastiki chenye mpira. Ukiwa karibu na bahari, usikubali kiungo chochote kining'inie nje na utepe mweusi, hata fundi akikuapia kwamba kamera ni IP67, yaani haiingizi vumbi wala maji. Kamera ndiyo IP67. Mkia wake siyo.

Sasa turudi kwenye ule utosi wa kofia.

Kamera yangu ya kwanza ilikuwa imefungwa juu kabisa, kwenye kenchi, kama mita 4 na nusu. Fundi alisema ni ili isiibwe. Kweli haikuibwa. Ila kutoka juu namna ile, mtu yeyote mwenye kepu hana uso. Na lenzi ilikuwa ya milimita 2.8, ambayo inaona upana wa kama nyuzi 100. Unaipenda siku ya kwanza kwa sababu inaonyesha duka zima. Unaichukia siku ya kesi.

Kuna kiwango cha kimataifa cha mifumo ya kamera, IEC 62676-4, ambacho toleo lake la 2014 linasema ili umtambue mtu usiyemjua unahitaji pikseli 250, yaani nukta za picha, kwa kila mita ya eneo linaloonekana. Kamera ya HD, yaani megapikseli 2, ina pikseli 1,920 kwa upana. Gawanya kwa 250: unapata mita 7 na sentimita 68. Eneo likiwa pana kuliko hapo, uso umeshapotea. Kwa lenzi ya 2.8 upana huo unaufikia ukiwa mita 3 na kidogo kutoka kwenye kamera. Mita 3! Baada ya hapo unajua ni mtu, pengine unajua ni mwanamume, na kama ni jamaa yako utamjua kwa mwendo. Mgeni humjui. Lenzi ya milimita 6 inaona wembamba zaidi, lakini inakupa uso uleule mpaka karibu mita 8.

Tulijaribu kwa vitendo. Kijana wangu wa dukani alishika kadi ya kiliniki ya mwanawe, akasimama mita 2, 4, 6, 8, huku tukibadilisha kamera. Sikujali kama kadi inasomeka. Nilichotaka ni kuona pale nyusi zake zinapogeuka ukungu. Kwa 2.8 zilipotea kabla ya hatua ya tano. Fanya hivyo kabla hujatoboa ukuta, fundi ashike kamera kwa mkono juu ya ngazi na wewe uangalie skrini.

Matokeo yake mlango wa nyuma na mlango wa mbele sasa una kamera ya milimita 6 kila mmoja, kimo cha mita 2 na nusu, zinamtazama anayeingia usoni. Kaunta ina ya milimita 4 inayoangalia mikono na droo ya pesa. Uwanja wa nondo ndio uliopewa 2.8, kwa sababu pale nataka tu kujua kama lori limeingia. Kamera nne, zilezile nne za mwanzo kwa idadi. Muuzaji alitaka nichukue nane.

Kuhusu diski sitakaa sana. Kamera moja ikirekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde inajaza gigabaiti 21.6 kwa siku; nne zinajaza 86. Diski ya terabaiti 1 inaanza kujifuta kabla siku ya kumi na mbili haijaisha. Mimi stoo naihesabu mwisho wa mwezi, kwa hiyo upungufu nitakaougundua tarehe 30 huenda ulitokea tarehe 3. Nikachukua terabaiti 4, zile diski zinazotengenezwa kwa ajili ya kamera. Ya kwanza, tulipoifungua mashine, ilikuwa imetolewa kwenye kompyuta ya mtu. Ilikuwa na kibandiko cha ofisi.

Panya nao wana maoni yao. Waya uliopita wazi juu ya dari ya duka ulikuwa umetafunwa sehemu tatu. Paipu ya plastiki ya milimita 20 ninauza mwenyewe, na bado fundi wa kwanza hakuomba hata moja, nami sikumuuliza. Hapo najilaumu mimi.

Na mijusi! Hakuna aliyenionya kuhusu mjusi kafiri. Usiku wadudu wanaizonga kamera, wadudu wanaita mijusi na buibui, na saa kumi alfajiri simu inalia: mtu ameonekana stoo. Unafungua moyo ukidunda, unakutana na tumbo jeupe la mjusi limejaa skrini nzima, vidole vimetandazwa kwenye kioo. Utando wa buibui ni mbaya zaidi, usiku unawaka mweupe kama pazia la harusi. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni fagio la juu kila Jumamosi, na kuwasha taa ya kawaida hatua chache mbali na kamera ili wadudu wahamie huko.

Umeme unapokatika, hapo ndipo PoE iliponifurahisha kuliko yote. Adapta nne hazipo tena. Swichi na NVR vimekaa sehemu moja, vyote pamoja vinakula wati 45 hivi, na UPS ndogo yenye betri ya volti 12, ampea-saa 7, inavibeba kama saa moja. Sikuridhika, kwa sababu umeme wetu ukiondoka haukuagi unarudi lini. Nikaweka inveta na betri kubwa ya ampea-saa 100. Usiku wa giza mtaa mzima, duka langu linarekodi.

Mashine yenyewe haiko kaunta tena. Mwizi anayejua kazi anaondoka nayo, na hapo video zote zimeondoka naye. Yangu iko mahali ambapo hata wafanyakazi wawili hawapajui, na sitaandika hapa. Nywila niliibadilisha siku ileile. Ile ya kwanza ilikuwa moja mbili tatu nne tano, na sikuwa peke yangu: Oktoba 2016 mtandao wa programu haribifu ya Mirai, ulioteka mashine za kamera na ruta zilizoachwa na nywila za kiwandani, uliishambulia Dyn, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikielekeza kompyuta zilipo tovuti, na kuzifanya tovuti kubwa zisifikike. Mashine ya kulinda duka la mtu mmoja ikatumwa kuvunja duka la mwingine.

Jambo la mwisho lilinijia kwa njia ya jirani. Bi mkubwa wa nyumba ya pili Kigamboni alinisimamisha kisimani. “Mwanangu, lile jicho lako linaniona nikianua nguo?” Nikaingia ndani kuangalia. Linamwona. Linaona uwanja wake wote mpaka mlango wa choo. Tangu tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inayofanya kazi, lakini kusema kweli sikuhitaji sheria kwa bibi yule. Tuliishusha kamera na kuigeuza nyuzi chache, na kipande kilichobaki tukakifunika kwa kisanduku cheusi ndani ya mashine yenyewe; karibu kila DVR na NVR inaweza, uliza tu. Nikamwita aje aone kwenye skrini. Alitazama muda mrefu, akauliza yule paka ni wa nani.

Wiki iliyopita alikuja mteja dukani anafunga kamera kwenye nyumba yake ya wageni. Mimi sasa nauza waya wa mtandao pia, boksi za mita 305, za aina mbili. Nikamwambia azinyanyue. Akanyanyua la kwanza kwa mkono mmoja. La pili akaomba kuweka chini begi lake.

“Mbona hili zito hivi?”

Nikampa wembe. Akakwangua zote mbili, akazitazama mwangani, akauliza bei. Nikamtajia. Akasimama kidogo akihesabu kwa midomo, kisha akaniambia zake ni za ndani tu, korido na mapokezi, mita kumi kumi. Akachukua jepesi. Nikamwandikia risiti, na nyuma yake nikaandika: GMT+3.